SOMO LA AFYA: Bawasiri, Ugonjwa Unaofichwa kwa Aibu



Katika semina za afya parokiani, maswali juu ya malaria, kisukari na shinikizo la damu huulizwa hadharani, mbele ya watu wote. Maswali juu ya bawasiri huja kwa njia nyingine. Huja kwenye karatasi iliyokunjwa, bila jina, au huulizwa kwa sauti ya chini wakati viti vinarudishwa stoo. Kwa sababu hiyo tumeona vema kulitoa somo hili kwa maandishi, ili lisomwe nyumbani na kujadiliwa katika Jumuiya Ndogo Ndogo. Tunapenda pia liwafikie wafadhili wetu, ambao huuliza kwa nini maombi yetu ya mradi wa afya huweka pamoja glovu, taa za uchunguzi na vyoo.

Tukumbuke mambo mawili tangu mwanzo. La kwanza, bawasiri nyingi hutulia kwa chakula, maji na mazoea mazuri ya choo. La pili, si kila damu inayotoka katika njia ya haja kubwa ni bawasiri. Anayeficha ugonjwa wake kwa aibu hukosa yote mawili: hapati nafuu ambayo ingepatikana kwa urahisi, na hachunguzwi mapema kama kuna ugonjwa mkubwa zaidi.

Bawasiri ni nini?

Kila mtu, mwanamume kwa mwanamke, ana mito midogo ya nyama laini na mishipa ya damu karibu na mwisho wa njia ya haja kubwa. Kazi ya mito hiyo ni kusaidia kufunga njia, ili choo na hewa visitoke ovyo. Kwa hiyo si kitu kigeni kilichoingia mwilini. Mito hiyo inapovimba, kulegea na kushuka kutoka mahali pake, ndipo tunasema mtu ana bawasiri.

Bawasiri ziko za aina mbili.

*Bawasiri za ndani.* Hizi hutokea juu kidogo, sehemu ambayo haina hisia ya maumivu kama ngozi. Dalili yake kubwa ni damu nyekundu inayong'aa, inayodondoka chooni au kuonekana juu ya choo na kwenye karatasi, mara nyingi bila maumivu. Madaktari huzigawa katika madaraja 4. Daraja la 1 hutoa damu lakini hazishuki. Daraja la 2 hushuka mtu anapojikamua, kisha hurudi zenyewe. Daraja la 3 hushuka, na mgonjwa hulazimika kuzirudisha kwa kidole. Daraja la 4 hubaki nje wakati wote.

*Bawasiri za nje.* Hizi hutokea chini ya ngozi ya ukingo wa njia ya haja kubwa. Huwasha na kusumbua mtu anapokaa. Wakati mwingine damu huganda ndani yake na kufanya uvimbe mgumu, wa rangi ya zambarau, wenye maumivu makali yanayoanza ghafla. Maumivu hayo huwa makali zaidi katika siku 2 au 3 za kwanza, kisha hupungua polepole. Anayewahi hospitali katika siku hizo za mwanzo, daktari anaweza kumtolea damu hiyo iliyoganda.

Ni nini huzileta?

Chanzo kinachotajwa zaidi ni kujikamua kwa nguvu kwa sababu ya choo kigumu. Kukaa chooni muda mrefu, kuharisha kwa muda mrefu, ujauzito na umri mkubwa huchangia pia. Kunyanyua mizigo mizito huku mtu amebana pumzi huongeza msukumo tumboni, na anayefanya kazi hiyo kila siku yumo hatarini zaidi.

Tukiyatazama mazingira yetu tutaona jinsi mambo haya yanavyokutana. Mama anayeuza nyanya sokoni tangu alfajiri hadi jioni hujizuia kunywa maji, kwa sababu choo cha soko ni kichafu au ni cha kulipia. Mwanafunzi hubana haja hadi arudi nyumbani, kwa kuwa choo cha shule hakina mlango. Dereva wa lori hula chipsi na nyama njiani, hashiki mboga kwa siku tatu. Choo kinapobanwa, utumbo huendelea kufyonza maji yake, nacho hukauka na kuwa kigumu. Siku kinapotoka, hutoka kwa shida na kuumiza.

Hapa Afrika Mashariki tuna historia inayohusu jambo hili. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda kwa karibu miaka 20 kuanzia mwaka 1946, kwanza Lira na baadaye Hospitali ya Mulago, Kampala. Aliona kwamba watu wa vijijini waliokula vyakula visivyokobolewa walipata choo kingi na laini, na magonjwa kama kufunga choo na bawasiri aliyakuta kwao mara chache kuliko Ulaya. Aliporudi Uingereza alihubiri habari ya vyakula vya nyuzinyuzi hadi uzeeni. Aliyoyaona hayakuwa uthibitisho wa kila kitu, na baadhi ya mawazo yake yamepingwa. Hata hivyo, uchambuzi uliotolewa mwaka 2005, uliojumlisha majaribio 7 yenye wagonjwa 378, ulionyesha kwamba wagonjwa wa bawasiri walioongezewa nyuzinyuzi walipungukiwa na tatizo la kutokwa damu kwa takriban nusu. Leo mijini kwetu, na hata vijijini, sembe nyeupe na mkate mweupe vimeshika nafasi ya chakula kile alichokisifu Burkitt.

Maneno yasiyo ya kweli

Bawasiri haitokani na kurogwa wala laana. Haiambukizwi kwa kukalia kiti kilichokaliwa na mgonjwa, wala kwa kutumia choo kimoja. Haigeuki kuwa saratani. Tena si ushahidi wa mwenendo mbaya. Hili tunalisema wazi, maana wako wanaume wanaokaa na ugonjwa miaka mingi kwa kuogopa kwamba watu watawafikiria vibaya. Anayepata ugonjwa huu ni padre na mwalimu, mama wa watoto watano na kijana anayebeba zege.

Injili ya Marko inamtaja mama aliyetokwa na damu miaka 12, akatumia mali yake yote kwa waganga wengi bila kupata nafuu. Mpaka leo wanaoficha ugonjwa huangukia mikononi mwa wauza dawa za mitaani. Wengine hupakwa dawa kali zinazounguza ngozi, wengine hukatwa "kinyama" kwa wembe. Kumbuka kwamba nyama hiyo ni mishipa ya damu. Kuikata ovyo kunaweza kuleta kutokwa damu nyingi, usaha, na kovu linaloifanya njia kuwa nyembamba. Tunaomba kila kamati ilikataze jambo hili bila kuonea haya.

Si kila damu ni bawasiri

Hili ndilo fundisho tunalotaka lishikwe kuliko mengine yote. Mtu mwenye damu chooni asijipe jina la ugonjwa mwenyewe, wala asipewe na jirani. Yako magonjwa mengine yenye dalili hiyo:

- *Mpasuko wa ngozi* ya njia ya haja kubwa. Huu huuma kama kukatwa na chupa wakati wa kujisaidia, na maumivu huendelea baadaye.
- *Kuhara damu*, kunakoletwa na amiba au bakteria, pamoja na msokoto wa tumbo na mara nyingi homa.
- *Kichocho cha tumbo*, hasa kwa wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria. Kichocho kina dawa yake, praziquantel, nayo ni tofauti kabisa na tiba ya bawasiri.
- *Jipu au fistula*, yaani tundu linalotoa usaha kando ya njia ya haja kubwa.
- *Saratani ya utumbo mpana au ya njia ya haja kubwa.* Hii ndiyo inayotutia hofu zaidi. Mwanzoni inaweza kutoa damu kidogo tu, na mgonjwa akasema, "Ni bawasiri yangu ile ile." Ikigunduliwa mapema inaweza kuondolewa na mgonjwa akapona. Ikichelewa, tiba huwa ngumu na mara nyingi haiponyi.

Hivyo basi, mtu afike kituo cha afya au hospitali bila kuchelewa akiona mojawapo ya dalili hizi: damu iliyochanganyika na choo au yenye utelezi, choo cheusi kama lami, mazoea ya choo kubadilika kwa zaidi ya wiki 3, kupungua uzito bila sababu, kuchoka, kizunguzungu na weupe wa viganja na macho, uvimbe tumboni, au kujisikia bado ana haja kubwa hata baada ya kumaliza. Mwenye umri wa miaka 40 na zaidi anayetokwa damu kwa mara ya kwanza, au ambaye mzazi au ndugu yake wa damu aliugua saratani ya utumbo, asisubiri dalili nyingine.

Afike *siku hiyo hiyo* anayetokwa damu nyingi isiyokoma, mwenye homa na maumivu makali sehemu hiyo, anayeshindwa kukojoa, au ambaye bawasiri yake imetoka, haitaki kurudi na inabadilika kuwa nyeusi. Mtoto mdogo mwenye damu chooni apelekwe kwa tabibu, maana bawasiri kwa watoto ni nadra na karibu kila mara chanzo ni kingine.

Tunafanya nini nyumbani?

*1. Chakula.* Mtu mzima anahitaji gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku. Wataalamu wa lishe huziita makapi-mlo. Hazihitaji kununuliwa duka la dawa. Gramu 100 za unga wa dona zina kama gramu 7, wakati sembe iliyokobolewa ina kama nusu yake au pungufu. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa huwa na gramu 12 hadi 15. Ongeza kunde, mbaazi, choroko, mchicha, matembele, kisamvu, mapera, parachichi, papai na machungwa yaliyoliwa pamoja na nyama yake badala ya kukamuliwa. Badilisha chakula polepole kwa wiki 1 au 2, la sivyo tumbo litajaa gesi na mtu atakata tamaa.

*2. Maji.* Nyuzinyuzi bila maji huweza kuzidisha kufunga choo. Lita 2 hivi kwa siku zinawatosha watu wazima wengi, na anayefanya kazi juani anahitaji zaidi. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo amwulize kwanza mhudumu wake wa afya.

*3. Mazoea ya choo.* Nenda mara haja inapokuja. Usijikamue. Usikae chooni na gazeti wala simu. Dakika 5 zinatosha, na kama haja haijatoka inuka, urudi baadaye. Choo cha kuchuchumaa kinafaa. Anayetumia choo cha kukaa aweke miguu juu ya kigoda kifupi ili magoti yainuke. Jisafishe kwa maji taratibu na ujikaushe kwa kugusagusa na kitambaa laini. Magunzi na karatasi ngumu huchubua.

*4. Maji ya uvuguvugu.* Kaa katika beseni safi lenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15, mara 2 au 3 kwa siku, hasa baada ya choo. Usitie dawa ya kuua vijidudu wala sabuni kali. Beseni hilo liwe la kazi hiyo tu.

*5. Dawa.* Parasetamoli hupunguza maumivu. Dawa zenye kodeini hufunga choo, hivyo hazifai. Mafuta ya mgando kidogo husaidia choo kisikwaruze. Krimu zenye haidrokotisoni zisitumiwe zaidi ya wiki 1 bila ushauri, kwa kuwa hudhoofisha ngozi. Mgonjwa akifuata haya kwa wiki moja bila kuona nafuu, au damu ikiendelea kurudi, aende kituo cha afya.

Neno kwa akina mama wajawazito

Tumbo la uzazi linapokua hukandamiza mishipa ya damu, na mabadiliko ya mwili hulegeza utumbo na kupunguza mwendo wa choo. Vidonge vya madini ya chuma vinavyotolewa kliniki huweza kukifanya choo kuwa kigumu na cheusi. Tunawasihi akina mama wasiache vidonge hivyo, kwa maana upungufu wa damu ni hatari kwa mama na mtoto. Waongeze maji na vyakula tulivyovitaja, na wamweleze muuguzi wa kliniki. Bawasiri nyingi za ujauzito hupungua zenyewe wiki chache baada ya kujifungua.

Hospitali watafanya nini?

Wengi huogopa uchunguzi kuliko ugonjwa. Mhudumu ataanza kwa kuuliza maswali. Kisha mgonjwa atalala ubavu, magoti yamekunjwa, amefunikwa shuka. Mhudumu atatazama, ataingiza kidole chenye glovu na mafuta, na pengine kifaa kifupi chenye mwanga. Shughuli hii huchukua dakika chache tu. Mgonjwa ana haki ya faragha, na anaweza kuomba mhudumu wa jinsia yake au mtu wa kuwa naye chumbani. Pengine atapimwa wingi wa damu na choo chake.

Bawasiri za ndani zisizotulia kwa chakula zinaweza kufungwa kwa kipete kidogo cha mpira. Kipete hicho huzuia damu kufika kwenye bawasiri, nayo hunyauka na kudondoka baada ya siku chache, mara nyingi ndani ya wiki 1 au 2. Kazi hii kwa kawaida haihitaji usingizi wala kulazwa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwambie daktari kabla. Upasuaji huachiwa wachache, hasa wa madaraja ya 3 na 4. Kidonda chake huuma kwa wiki kadhaa, lakini ndiyo tiba inayodumu zaidi kwa bawasiri kubwa.

Wajibu wa kamati na wa wafadhili

Kamati ya parokia haiwezi kutibu, lakini inaweza kuondoa vikwazo. Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, somo hili lifundishwe kwa makundi, akina mama peke yao na akina baba peke yao, likiongozwa na mhudumu wa afya. Pili, kamati ikague vyoo vya kanisa, shule na soko: je, vina mlango unaofungwa, maji na usafi? Tatu, zitafutwe njia za kupata unga wa dona, kwa mfano kukubaliana na mwenye mashine ya kusaga asage bila kukoboa kwa siku maalumu. Dona huharibika haraka kuliko sembe, hivyo isagwe kidogo kidogo. Nne, wachaguliwe watu wawili, mwanamume na mwanamke, wenye kutunza siri, ambao mgonjwa mwenye aibu anaweza kuwaendea ili wamsindikize hospitali.

Kwa wafadhili wetu, sasa mtaona kwa nini maombi yetu huambatanisha vitu vinavyoonekana havihusiani. Choo chenye mlango humwezesha mwanafunzi kujisaidia bila kubana haja. Pazia, taa na glovu humwezesha tabibu wa zahanati kuchunguza badala ya kubahatisha na kutoa krimu. Kifaa cha kufungia kwa vipete vya mpira, pamoja na daktari aliyefundishwa kukitumia, huwaepusha wagonjwa wengi na upasuaji. Vitu hivi havipendezi kwenye picha kama jengo jipya lenye kibao. Hata hivyo, mgonjwa mwenye saratani changa anaweza kugunduliwa kwa glovu moja na mhudumu asiyeona haya.

Maswali ya majadiliano katika jumuiya

1. Ni maneno gani yanayosemwa kwetu juu ya bawasiri, na yapi kati yake yanamzuia mgonjwa asiende hospitali?
2. Katika juma lililopita, familia zetu zilikula mboga za majani, maharage na matunda mara ngapi?
3. Watoto wetu wanajisaidia wapi wakiwa shuleni? Nani amekwenda kukiona choo hicho kwa macho yake?
4. Mtu wa jumuiya yetu akitokwa na damu leo, atamwambia nani, na nauli ya kwenda hospitali ataipata wapi?

Tunaomba makatibu wa kamati waandike majibu ya swali la 3 na la 4 na kuyatuma ofisini kwetu pamoja na taarifa ya robo mwaka. Majibu hayo ndiyo tutakayoyatumia kupanga ni vyoo vipi vianze kukarabatiwa, na ni parokia zipi zisaidiwe kwanza kuanzisha mfuko wa nauli za wagonjwa.